Majina Yote Yalikuwepo

Ukiichomeka kadi hii kwenye kompyuta, inakuambia ina nafasi ya GB 128. Ukiifungua unakuta mafaili 34, na kila faili lina jina nililoliandika mwenyewe: kijiji, tarehe, namba ya msimulizi. Kila moja lina ukubwa wake na muda wake. La kwanza hadi la 13 yanasikika vizuri, mpaka kuku wa jirani unawasikia. La 14 linakatika dakika ya 41, mzee akiwa katikati ya neno. Kuanzia la 15 hadi la 34 hakuna kitu. Mtu akinyamaza mbele ya rekoda bado unasikia upepo, kiti kinacholia, pumzi yake. Huku hakuna hata hivyo. Nilivuta sauti mpaka mwisho, nikasikia spika zenyewe zikivuma.

Nilikuwa nakusanya masimulizi ya ndiva. Kwa asiyezijua, ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe ambalo Wapare wamekuwa wakilijenga kwa vizazi vingi, likilishwa na mfereji unaotoka mtoni. Usiku maji yanaingia na kujaa. Asubuhi mlango unafunguliwa, yanateremka mashambani kwa zamu. Kwenye miteremko ya magharibi ya Upare wa Kusini, kuanzia Vudee mpaka Bangalala kule chini, mahindi na maharage ya watu yametegemea mpango huo, maana mvua inayonyesha huko juu, karibu na kilele cha Shengena, haina desturi ya kuteremka. Ukiwa Same mjini unaweza kuyaona mawingu yamekaa juu ya mlima kama kofia huku wewe unafikicha vumbi machoni.

Watafiti wa maji wameandika mengi kuhusu ndiva, hasa ile ya Manoo pale Bangalala. Wamepima ujazo, wamepima maji yanayopotea mferejini, wamehesabu mavuno. Mimi nilifuata maneno. Nani aligombana na nani kwa sababu ya zamu, na waliwapatanisha vipi. Mjane alikuwa anapataje maji. Siku ya msaragambo wa kutoa matope, anayetega alikuwa anatozwa nini. Mambo hayo hayakai kwenye jedwali. Yamekaa kwa wazee, na wazee wenye kuyajua kwa kina unawahesabu kwa vidole.

Rekoda niliyoazima chuoni haikuja na kadi. Maduka niliyoyapitia mjini yalikuwa na kadi ndogondogo tu, na mimi nilikuwa najiandaa kukaa vijijini kwa siku tisa, kompyuta ikibaki kwa shangazi. Basi nikaingia mnadani. Mnada wenyewe uko kwenye simu. Kila Ijumaa usiku ukurasa mmoja unapandisha picha za vifaa, bei ya kila kimoja inaanzia 10,000, na watu wanapandiana kwenye maoni mpaka saa nne kamili. Muuzaji anaita wateja wote "bosi wangu". Anajua kuchangamsha: "Ishirini na tatu mara ya kwanza! Mabosi mmelala?" Nilishinda kwa 26,000. Kifurushi kilipanda basi Dar es Salaam, nikakichukua stendi ya Same kwa 5,000 nyingine. Kadi ilikuwa ndani ya plastiki yake ngumu, na nembo ya kampuni kubwa imechapwa vizuri kabisa, hata maandishi madogo ya nyuma hayakuwa na herufi iliyokosewa.

Nimeufikiria sana mnada ule. Dukani, bei ya chini inakushtua. Unauliza mbona rahisi hivi, muuzaji anapata kigugumizi, unaondoka. Mnadani bei ya chini ndiyo raha yenyewe, unaiona ni bahati yako au ni ushindi. Na kwa kuwa umewaona wengine nao wanaitaka, hao wengine wanageuka kuwa mashahidi kwamba kitu ni kizuri. Leo hata sina hakika kama walikuwa watu. Kwenye mnada wa ng'ombe dalali ana maneno zaidi ya yule wa Ijumaa, lakini ng'ombe yupo pale pale. Unamfungua mdomo unaangalia meno, unamtembeza, unambonyeza mgongo. Mnada wa simu umechukua kelele zote za mnada ukaacha ng'ombe.

Nieleze inavyofanya kazi, maana ndipo ubaya wenyewe ulipo. Ndani ya kadi kuna vitu viwili: kumbukumbu, na kompyuta ndogo mno inayoisimamia. Rekoda ikiuliza "una nafasi kiasi gani?", anayejibu ni huyo msimamizi. Anayeghushi hana haja ya kutengeneza kumbukumbu kubwa. Anachukua ya GB 8, anamfundisha msimamizi kusema 128. Kuanzia hapo kadi inapokea kila kitu. Zile GB 8 za kweli zikijaa, haikatai wala haitoi onyo. Inaendelea kuandika jina la faili, tarehe na ukubwa, kwa sababu orodha ya majina inakaa mwanzoni kabisa, kwenye eneo la kweli. Sauti yenyewe inatupwa. Kuna kadi nyingine za aina hii zinazorudi mwanzo na kuandika juu ya kile ulichokwisha kuhifadhi. Yangu ilikuwa na huruma kidogo.

Kwa hiyo kila jioni pale Vudee nilipoikagua rekoda kwa mwanga wa tochi, niliona orodha inaongezeka na nafasi bado tele.

Zipo programu za kuikamata kadi ya namna hiyo, kama H2testw na F3. Zinaijaza mpaka mwisho, kisha zinasoma upya kila kilichoandikwa na kulinganisha. Ndiyo njia ya uhakika zaidi: ili ujue chombo kinabeba kiasi gani, unakijaza chote. Mwaka 2010 mhandisi mmoja Mmarekani, Andrew Huang, anayejulikana zaidi kwa jina la bunnie, alikerwa na kadi zilizokuwa zikimharibia kazi, akaanza kuzinunua, zikiwemo za soko la elektroniki la Shenzhen, na kuziyeyusha ganda kwa asidi ili aone kilicho ndani. Alichokiandika kinasomeka kama hadithi ya upelelezi. Kuna mahali anazungumzia uwezekano wa zamu ya mizimu: mitambo ni ile ile, wafanyakazi ni wale wale, ila wanafanya kazi saa ambazo hazimo kwenye vitabu vya kiwanda, kwa malighafi ambayo mchana ingetupwa. Nilipofika hapo nilisimama. Usiku ule ule ambao watu wa Bangalala wanauachia maji yajae.

Kila niliyemsimulia ameniuliza kwa nini sikuwa na nakala. Ni swali zuri, ila wamekosea mtu wa kumwuliza.

Niliyetaka kumwuliza mimi alinijibu mara mbili. Kwanza alisema kadi ni orijino, labda rekoda yangu ndiyo mbovu. Nilipomtumia matokeo ya majaribio, alisema mali ya mnadani hairudishwi. Mara ya tatu picha yake ilikuwa imetoweka, alikuwa amenibloki. Nikaanza kusoma sheria. Sheria ya Alama za Bidhaa tunayo tangu 1963, na Tume ya Ushindani, FCC kama wengi tunavyoiita, ndiyo tunayoiona kwenye taarifa ya habari ikiteketeza bidhaa bandia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni ajulikane kwa jina na anwani. Wa kwangu alikuwa na namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina ambalo halikufanana na la ukurasa wake.

Kwenye ofisi moja niliyoingia kuuliza utaratibu, kijana wa mapokezi aliandika vizuri, bila haraka. Akafika kwenye kisanduku cha hasara. "Ni shilingi ngapi, dada?"

Nikasema 31,000.

Aliandika. Kisha akaniuliza natokea wapi, nikamwambia Same, akacheka kwa nia njema kabisa. Mnaujua utani wenyewe. Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Nimeusikia tangu shule ya msingi, na huwa nacheka. Siku ile niliona kasoro yake: unadhani kesi ni ya kuku. Mwezi Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka Same, yaliyokuwa makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi kupinga kodi ya mbiru, na Isaria Kimambo ameandika kitabu kizima juu yao. Kodi ile ilipangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, na kukadiriwa huko ndiko kulikowakera sana. Wakaacha mashamba, wakakaa. Ungepiga hesabu ya siku walizopoteza na senti walizokuwa wanazikataa, ungepata utani ule ule wa ng'ombe na kuku.

Kwenye kisanduku kile sikuwa na namna ya kuandika saa kumi na saba za sauti.

Wengi wetu tulijifunza neno "feki" kwenye simu. Mwaka 2016 TCRA ilitangaza kwamba simu bandia zitazimwa tarehe 16 Juni. Kwa wiki kadhaa nchi nzima ilikuwa inabonyeza *#06#, inachukua namba na kuituma kwenda 15090 ili iambiwe kama simu yake ni halali. Shangazi aliambiwa yake si halali. Aliitumia mpaka saa ya mwisho, akawapigia watu wote waliomo ndani, wengine hakuwa amezungumza nao kwa miaka. Sijui kifaa chochote kingine cha bandia kilichopewa nafasi ya kuaga namna hiyo. Kadi haina pa kutuma namba.

Nilirudi milimani baada ya miezi minne. Msimamizi wangu alinishauri niandike tasnifu kwa kutumia yale mafaili 13 na madaftari, na kwa upande wa shahada alikuwa sahihi; yanatosha. Lakini nilikuwa na deni la watu saba. Walikuwa wamenipa asubuhi zao, na kila mmoja nilimwahidi kwamba sauti yake itatunzwa.

Watatu walikubali kurudia, na tukamaliza bila shida. Wawili walikataa, kila mmoja kwa staha. Mmoja wao alisema, "Mwanangu, nilishakueleza. Nikianza tena nitakuwa najiigiza." Sikuwa na hoja dhidi ya hilo. Jambo alilolisimulia lilikuwa ugomvi wa maji uliomtenga na kaka yake mpaka kaka akafa, na mara ya kwanza alilia. Kumwomba alie tena kwa ajili ya kifaa kungekuwa ufidhuli.

Wa sita ndiye mzee wa faili la 14. Alikuwa ameshika zamu za ndiva yao kwa zaidi ya miaka thelathini, na alikuwa akinitajia kwa mpangilio jina la kila kaya na siku yake, kwa kichwa, jinsi zilivyokuwa alipoachiwa kazi hiyo. Orodha ilimchukua saa nzima na robo. Niliandika daftarini "angalia rekodi" nikaacha kalamu nimsikilize, maana alikuwa anafumba macho na kutaja kwa mahadhi, na kumkatisha niulize tahajia kungemvuruga. Mwezi wa pili baada ya mimi kuondoka alipata kiharusi. Nilimkuta amekaa kibarazani kwa mwanawe, amevaa koti. Nilimshika mkono nikampa shikamoo, akajibu kwa macho. Mwanawe alijua nimefuata nini. Aliniambia kwamba wao walikuwa wametulia, kwa kuwa mzee alishawaambia majina yote anayo yule binti wa chuo.

Nilimweleza kuhusu kadi. Nilimweleza yote, hata bei. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama katika hizo dakika 41 kaya yao imo. Imo, ni ya pili. Nilimchezea pale pale, na mzee alipoisikia sauti yake aligeuza shingo kuelekea kwenye spika akabaki hivyo mpaka ilipokatika. Tukamchezea tena. Mwanawe na mimi tumeanza kuzijaza zile kaya zilizobaki kwa kuuliza nyumba kwa nyumba. Tuna majina mengi. Mpangilio hatuna, na zamu ni mpangilio.

Wa saba ni bibi mmoja wa Vudee, mwalimu mstaafu. Mara ya kwanza alinieleza jinsi wanaume wa ukoo wa mumewe walivyochimba mfereji. Nilipomwambia nimekuja turudie, alisema ni heri, kwa sababu mara ile alikuwa anamsimulia mgeni, na kuna habari za waliobeba udongo ambazo alizipitia juu juu. Nikatoa rekoda, nikaiweka juu ya kigoda katikati yetu. Hakuanza.

"Hicho kidude cha ndani umenunua wapi safari hii?"

"Dukani bibi, Moshi."

"Una risiti?"

Nilikuwa nayo. Akavaa miwani, akaisoma kuanzia juu mpaka chini, jina la duka, namba ya mlipakodi, tarehe, akaikunja na kunirudishia. Kisha akaniambia niwashe.