Samaki Apimwe Mbele Yako

Kariakoo inapofunga hesabu saa kumi na mbili jioni, Guangzhou, China, ni saa tano usiku. Tofauti hiyo ndiyo iliyopanga maisha yangu yote ya uwakala wa kuwanunulia wafanyabiashara bidhaa. Mchana nilihangaika Foshan kutafuta marumaru na samani, au soko la Baima kwa ajili ya nguo. Usiku ndipo matajiri wangu wa Dar es Salaam walipopata nafasi ya kupiga simu: huyu kabadili rangi ya mapazia, yule hela ya kumalizia mzigo haijatimia. Chumba nilichopanga Xiaobei kilitosha kitanda na mabegi ya sampuli. Ofisi yangu ikawa mgahawa wa Kikantoni wa mtindo wa zamani, uliofungwa alfajiri ikikaribia.

Mlo wa usiku wa manane ni jambo la kawaida Guangzhou, na una vyakula vyake: konokono waliokaangwa kwa pilipili, uji wa mchele, tambi pana za mchele zenye nyama ya ng'ombe. Nilikula pamoja na madereva wa teksi, wapakiaji mizigo na vijana waliotoka kuimba karaoke. Wahudumu walikuwa watu wazima ambao hawakujua kutabasamu kwa ajili ya mshahara. Ukikaa tu, birika la chai linatua mezani. Chai ya kwanza hainywewi, husuuziwa vikombe, bakuli na vijiti. Ukitaka kuongezewa maji ya moto, unaacha kifuniko cha birika wazi. Ukimiminiwa, unashukuru kwa kugonga meza kwa ncha za vidole viwili. Mimi nilisomea Kichina Beijing, wao walizungumza Kikantoni, na miezi ya mwanzo ishara hizo ndizo zilizonisitiri.

Meza yangu ilitazama jiko. Pale mpishi hupimwa kwa tambi za ng'ombe: moto wa gesi unanguruma, karai linarushwa bila kupumzika, na kwa muda huo mfupi tambi zisikatike wala nyama isikauke. Ukimaliza kula, sahani isiwe na dimbwi la mafuta. Uji haukuwa na haraka. Mchele ulichemka kwa saa nyingi hadi punje zikapasuka na kupotea, ndipo vipande vya samaki vibichi vikatiwa na kuivia humo humo.

Wateja waliposafiri kuja wenyewe, niliwaleta pale. Waislamu sikuwapeleka, maana uji unaweza kuwa umechemshwa na mifupa ya nguruwe, na mafuta yake huingia hata kwenye mboga. Hao niliwapeleka kwa Wahui, Waislamu wa Kichina, wauzao tambi za Lanzhou, kisha nikarudi peke yangu kwenye simu zangu. Waliobaki nao walikuwa na mtihani wao: kuku. Wakantoni humwivisha kwenye maji ya moto yasiyotokota, kisha humzamisha kwenye maji ya barafu ili ngozi ikaze. Nyama inaiva, lakini ndani ya mfupa hubaki wekundu.

"Mwanangu, warudishie kuku wao," mama mmoja mwenye fremu Mtaa wa Kongo aliniambia.

"Ameiva, mama. Ndivyo wanavyompika."

"Damu naiona kwa macho yangu, wewe unaniambia ameiva!"

Mhudumu mzee aliichukua sahani bila neno, akamrudisha kuku akiwa amekaangwa mpaka akakauka. Mama akammaliza, akasema sasa wamejifunza kupika.

Huyo mzee ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa nadhani hakujua. Mteja akichagua samaki, alimtoa tangini kwa wavu, akampima hapo hapo, akamwonyesha akirukaruka, akataja bei kabla hajampeleka jikoni. Bei zao ni za nusu kilo, ambayo ndiyo ratili ya Kichina. Watu wetu, waliozoea kilo, waliona ubaoni samaki wa bei rahisi, wakashtuka wakati wa kulipa. Nikajizoeza kueleza kipimo kabla wavu haujaingia majini. Samaki alipoletwa mezani, kichwa chake kilielekezwa kwa mgeni wa heshima, na hapo hapakuwa tena na la kubishania.

Nikauhamishia utaratibu huo kwenye mizigo. Kabla kontena halijafungwa nilifungua katoni, nikapima kitambaa kwa mita, nikataja ujazo wa mzigo na gharama yake, na mteja akaona kwa simu ya video. Mwenye kiwanda akinuna, nilimwachia anune. Mawakala wenzangu walisema nawachosha matajiri. Lakini kwa watu wanaochangia kontena moja, katoni iliyopungua huzaa ugomvi wa watu kumi.

Mwaka 2020 mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona nilikuwa Dar es Salaam, nami sikurudi tena kuishi huko. Siku hizi nina ofisi Kariakoo yenye kiyoyozi na kiti cha kuzunguka. Vijana ninaowatuma Guangzhou huagiza chakula kwa simu na kulia hotelini, na kazi wanaifanya vizuri tu. Sharti langu ni moja: katoni zifunguliwe mbele ya kamera. Muda huo una gharama. Naiandika waziwazi kwenye ankara, katika mstari wake wenyewe, na mteja asiyeitaka namwambia mapema atafute wakala mwingine.