Gari Lililosita, na Neno Nililolitamka kwa Pupa



Juma hili naomba kuwasimulia habari ya gari moja la zamani, na pamoja nayo kosa langu mwenyewe. Wengi wenu mwajua kwamba tangu siku za seminari, nilipopangiwa kazi ya kusaidia kutengeneza trekta la shamba, nimeipenda spana. Mapenzi hayo ndiyo yaliyoniponza.

Bibi mmoja mjane, jirani yetu hapa Morogoro, aliachiwa na marehemu mumewe gari aina ya Datsun 240Z. Vijana hawalifahamu. Ni gari la michezo lenye milango miwili, boneti ndefu, injini ya silinda sita yenye ujazo wa sentimita 2,393, na kabureta mbili. Lilianza kutoka kiwandani Japani mwaka 1969. Wazee wa Afrika Mashariki wanalikumbuka kwa mbio za Safari: Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, alitwaa ushindi baada ya kulingana kwa pointi za adhabu na Harry Källström, aliyeendesha Datsun ya aina nyingine. Gari la bibi halikushindana popote. Lilikaa miaka mingi chini ya mwembe, limefunikwa turubai.

Bibi alikusudia kuliuza ili amlipie mjukuu wake ada ya chuo. Mnunuzi akaja kutoka Dar es Salaam, akalijaribu, akatikisa kichwa: linasita. Akashusha bei hadi nusu, akasema atarudi baada ya majuma mawili. Bibi akamwita fundi kijana mwenye karakana kando ya barabara. Kijana akabadilisha plagi, pointi na chujio la petroli, akalipwa, na gari likaendelea kusita. Ndipo nilipoitwa mimi. Hata boneti sijafungua, nikasema mbele ya ndugu na majirani waliokuwapo: "Bibi, huyu kijana amekula fedha zako."

Neno la padre lina miguu. Kabla ya Jumapili lilikuwa limekwisha kufika sokoni.

Kesho yake nikaanza kazi. Aliyenifundisha ufundi alikuwa akisema kwamba injini huhojiwa kwanza, ndipo hufunguliwa. Basi nikaihoji. Je, yasita ikiwa baridi tu? La, hata ikiwa moto. Je, silinda moja haichomi? La, ikiwa imesimama inanguruma kwa utulivu. Je, hukata katika mwendo mrefu wa kasi, kama gari linalokosa petroli? La, niliiendesha hadi Mikese na kurudi pasipo shida. Je, ni hewa nyepesi ya milimani, ambayo hufanya petroli izidi hewa? La, kwa maana ilisita hata kwenye tambarare ya Kihonda. Ilisita katika hali moja tu: nilipokanyaga ghafla. Katika barabara ya kupanda kuelekea mlimani, nilipotaka kulipita lori, gari lilinyamaza kwa muda wa pumzi moja, kisha likaruka mbele. Pumzi ile moja, na lori jingine linateremka mbele yako, si jambo dogo.

Nikazitazama plagi. Zilikuwa mpya kweli, na rangi yake ya kahawia hafifu ilionyesha kwamba mchanganyiko wa petroli na hewa ulikuwa mzuri katika mwendo wa kawaida. Nafasi ya pointi ilikuwa sahihi, na majira ya cheche yalikuwa sawa. Jirani akasema petroli imechakachuliwa. Tulikuwa na haki ya kushuku, kwa maana uchanganyaji wa mafuta ya taa katika petroli ulikithiri hata EWURA ikaanza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010. Nikaimwaga petroli yote, nikaweka nyingine. Gari likasita vilevile.

Zilibaki kabureta. Kabureta za gari hili hazina ile pampu ndogo ambayo katika kabureta nyingi humwaga petroli ya ziada dereva anapokanyaga. Badala yake, kila moja ina pistoni yake (si zile za ndani ya injini) inayoinuliwa na mvuto wa hewa. Ikipanda, huinua sindano, na tundu la petroli hupanuka. Juu ya pistoni hiyo kuna kikombe chembamba cha oili nyepesi, na ndani ya oili husimama kijiti chenye kizuizi. Kazi ya oili ni kuizuia pistoni isipande kwa pupa. Dereva akikanyaga ghafla, pistoni huchelewa kidogo, hewa hulazimika kupita kwa kasi mahali pembamba, na kasi hiyo huvuta petroli zaidi. Oili ikikosekana, pistoni huruka juu mara moja. Hewa huingia nyingi, petroli huachwa nyuma, na injini huduwaa.

Nikaifungua kofia ndogo ya plastiki juu ya kabureta ya kwanza, nikakivuta kijiti. Kilikuwa kikavu. Cha pili kadhalika. Hakuna aliyeiba kitu. Miaka ya kusimama chini ya mwembe ndiyo iliyoikausha ile oili. Nikatia oili nyepesi, vijiko vichache tu. Nikaiinua pistoni kwa kidole: awali ilipanda kama unyoya, sasa ilipanda kwa uzito, ikashuka na kugonga taratibu. Tukapanda tena mlimani. Nilikanyaga, na gari likaitika.

Bibi alipiga vigelegele. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimekumbuka maneno yangu.

Jioni ile nilikwenda kwa yule kijana kwa miguu. Karakana ilikuwa tupu. Akaniamkia kwa heshima, "Shikamoo, Padre," akanipangusia ndoo nikae. Nikamweleza nilichokiona, nikamwomba msamaha. Akatazama chini, kisha akasema: "Padre, mimi nilimwambia bibi kwamba kabureta za namna hii sijawahi kuzifungua, naogopa kuziharibu. Ndugu zake wakasema badilisha hizo plagi kwanza. Nikabadilisha. Risiti za duka ninazo." Akazitoa mfukoni. Alikuwa akitembea nazo, ili amwonyeshe yeyote atakayeuliza. Hakuna aliyeuliza.

Wapendwa, injini ile niliiuliza maswali siku mbili nzima, kwa subira, moja baada ya jingine. Kijana yule, mwenye roho na jina na mama anayemtegemea, sikumwuliza hata moja. Yaliyokosekana katika kabureta ndiyo yaliyokosekana kinywani mwangu: kizuizi kidogo, cha kulichelewesha neno lisiruke kabla ya ukweli kulifikia.

Mnunuzi alirudi, akalipa bei ya awali, na ada imelipwa. Lakini wateja wa kijana hawajarudi wote. Oili ya vijiko vichache iliponya gari kwa dakika kumi. Jina la mtu haliponi upesi hivyo. Kanisa hutufundisha kuhusu amri ya nane kwamba aliyemharibia mwenzake sifa hawajibiki kutubu tu, bali pia kurekebisha madhara aliyoyasababisha. Nimekwisha kuungama. Kurekebisha ndiko huku ninakokufanya leo mbele yenu nyote: fundi yule hakumdanganya bibi. Alifanya alichoagizwa, akasema wazi asichokijua. Aliyesema asichokijua kana kwamba anakijua ni mimi.

Nimempa kazi ya gari la parokia. Nawasihi nanyi mpelekeeni yenu. Kabureta za kale nimeanza kumfundisha, naye ananifundisha kusoma makosa ya magari ya sasa kwa kompyuta. Nimegundua kwamba ana desturi njema: kabla ya kugusa chochote, humwuliza kwanza mwenye gari.

Nawatakia juma lenye baraka.

Padre wenu.