Msitu wa Couvet, Shule ya Kuchagua Mti

Msafiri atokaye mji wa Neuchâtel, magharibi ya nchi ya Uswisi, hupanda gari la moshi, ambalo siku hizi huenda kwa umeme, akaliacha ziwa nyuma yake na kufuata korongo jembamba la mto Areuse. Korongo likiisha, bonde la Val-de-Travers hufunguka mbele yake. Chini kuna malisho ya ng'ombe na vijiji vya nyumba za mawe. Pande zote mbili kuna mitelemko mikali ya milima ya Jura iliyofunikwa na msitu. Kijiji cha Couvet kimo humo, zaidi ya meta 700 juu ya usawa wa bahari. Wageni wengi hukijua kwa ajili ya absinthe, kileo kikali cha majani machungu kilichoanza kutengenezwa huko mwishoni mwa karne ya 18, kikapigwa marufuku mwaka 1910, kisha kikaruhusiwa tena mwaka 2005. Lakini wasimamizi wa misitu wanaokuja kutoka nchi za mbali hawaulizi habari za kileo. Huja kutazama miti.

Mgeni aingiaye msituni humo kwa mara ya kwanza aweza kudhani kwamba haujapata kuguswa na mtu. Mkazi wa nyanda za juu za Kenya amezoea kuona shamba la saipresi lililopandwa kwa mistari, miti yote ya umri mmoja, na siku yake ikifika hukatwa yote pamoja na ardhi ikabaki tupu mpaka miche mipya ipandwe. Couvet hakuna mistari. Mti mkubwa ambao mtu mmoja hawezi kuukumbatia umesimama karibu na mwingine mnene kama paja, na chini yao miche ya kimo cha magoti imejaa. Mingi ni ya jamii ya misonobari, nayo ni ya namna mbili, sapini na episea. Kati yao kuna bichi, mti wa majani mapana. Hakuna aliyeipanda. Mbegu zimeanguka zenyewe, nazo zimeota zenyewe.

Hata hivyo msitu huo hukatwa mara kwa mara, na mbao zake zimekuwa zikikiletea kijiji fedha tangu zamani. Kinachokatwa ni mti mmoja hapa na mmoja pale, wala haifiki siku ambayo mlima unabaki uchi. Jambo hilo ni kubwa katika nchi ya mitelemko, kwa maana mahali pasipo miti theluji huporomoka na udongo hushuka na maji. Sheria ya misitu ya Uswisi ya mwaka 1991 inakataza kufyeka msitu wote kwa mara moja.

Aliyeupa msitu wa Couvet sifa zake ni Henry Biolley, aliyezaliwa mwaka 1858 na kufa mwaka 1939. Alianza kazi ya ukaguzi wa misitu ya bonde hilo mwaka 1880 akiwa kijana. Fikra aliyoifuata ilitoka ng'ambo ya mpaka kwa Mfaransa Adolphe Gurnaud, ambaye wakubwa wa misitu wa nchi yake mwenyewe hawakumkubali. Gurnaud alisema kwamba msitu usiendeshwe kwa makisio ya kitabuni, bali uhesabiwe, kisha uulizwe. Mwaka 1890 Biolley akaanza kuhesabu Couvet. Kila mti uliozidi sentimeta 17 na nusu kwa kipenyo ulipimwa kwenye kimo cha kifua na kuandikwa daftarini. Baada ya miaka michache hesabu ilirudiwa, ikarudiwa tena, na kwa njia hiyo msitu huo ukapata kumbukumbu ndefu ambayo misitu michache sana duniani inayo.

Mfugaji ataielewa hesabu hii upesi. Akitaka kujua zizi lake limeongezeka kiasi gani, huhesabu ng'ombe waliopo, hujumlisha aliowauza, kisha hutoa wale aliokuwa nao mwanzo. Biolley alifanya vivyo hivyo: mbao zilizosimama sasa, pamoja na zilizokatwa, kutoa zilizosimama zamani. Kinachobaki ndicho kilichoota. Kipimo chenyewe alikiita silva, nacho hakikubadilishwa, ili hesabu ya leo iweze kulinganishwa na ya jana. Kikijulikana kilichoota, hujulikana kiasi cha kukata bila kula mtaji. Karani yeyote aliyewahi kufunga hesabu za duka ataona kwamba hapa hakuna uganga wowote.

Ugumu uko kwingine. Daftari lasema ni kiasi gani kikatwe. Halisemi ni mti gani. Hilo ni kazi ya mtu mwenye nyundo. Nyundo ya kale ya misitu ina makali ya shoka upande mmoja, ya kuchuna gome, na muhuri upande wa pili, wa kupiga alama; siku hizi wengi hutumia rangi. Anayepiga alama akichukua kila mara miti minyofu na kuacha iliyopinda, atakuwa ameuza mbegu bora na kubaki na takataka. Akichukua michache mno, giza huzidi na miche hufa. Akizidisha, jua huingia kwa wingi, magugu huisonga miche, na upepo hupata mlango. Tena udogo wa mti si umri wake: sapini hustahimili kivuli kwa miaka mingi, ukiwa umesimama kama mtoto aliyedumaa, kisha jirani yake akiondolewa huinuka kwa nguvu za ajabu. Asiyejua haya hukanyaga mali.

Ubaya wa kosa la namna hii ni kwamba halionekani leo. Pengine litaonekana baada ya miaka 30, na aliyelifanya amekwisha kustaafu. Basi mwanafunzi atafundishwaje kazi ambayo matokeo yake hatayaona shuleni? Katika misitu mingi ya Ulaya wamepata njia nzuri, iitwayo marteloskopu. Hutengwa kipande cha msitu, kwa kawaida hekta moja. Kila mti hupewa namba, hupimwa, na mahali pake huchorwa kwenye ramani. Wanafunzi huingia wawili wawili wakachagua miti ya kukatwa, lakini hakuna shoka linaloguswa. Huandika namba tu. Kisha mashine hukokotoa: mbao kiasi gani zimetoka, zina thamani gani, umebaki msitu wa namna gani, na ni miti mingapi yenye mashimo ya ndege iliyoangushwa. Makundi mawili yaliyosimama chini ya miti ile ile huleta orodha zisizofanana hata kidogo, na hapo ndipo mafunzo huanza, kwa maana kila mmoja hulazimika kuutetea uchaguzi wake mbele ya mwalimu na wenzake. Kesho yake kundi jingine huja, na miti iko pale pale.

Huko Uswisi kijana atakaye kuwa fundi wa msituni hujifunza kazi kwa miaka 3, darasani na mlimani, na anayetaka kuwa msimamizi huendelea katika shule za Lyss au Maienfeld. Jioni na masomo ya vitabu yasitazamiwe kumaliza kazi. Jicho hupatikana kwa kutembea.

Nao msitu wenyewe haukai kumngoja mwanafunzi. Paa hupenda sana miche ya sapini, na wakizidi, kizazi kizima cha miti hukosekana hata kama kila alama ilipigwa vizuri. Ndiyo sababu wapo wanaofurahi kwamba linksi, paka-mwitu mkubwa aliyekuwa ametoweka, amerudishwa katika nchi hiyo tangu miaka ya 1970, ingawa wafugaji wa kondoo hawafurahi. Ukame wa mwaka 2018 ulidhoofisha episea, wadudu wa gome wakaishambulia, na katika sehemu nyingine za Jura hata bichi, ambazo watu walidhani ni za kutegemewa, zilikauka. Kwa hiyo mwanafunzi wa leo anaposimama mbele ya mti haulizwi tu kama ni mnyofu, au kama umekwisha komaa. Huulizwa pia ni miti ya aina gani aliyoiacha karibu nao, na ni ipi kati ya hiyo itakayoweza kuvumilia kiangazi chenye joto kuliko vile vilivyoandikwa katika daftari la Biolley.