Gharama ya Mgomo Ukingoni mwa Mto Rusizi

Nikikumbuka miaka ishirini na mitano ya maisha kati ya Kamembe, upande wa Rwanda, na Bukavu, upande wa Kongo, naona kilichobadilika sana ni namna familia za kawaida zinavyoupima mgomo. Mwaka 2000 Bukavu ilikuwa chini ya waasi wa kundi la RCD, wakisaidiwa na jeshi la Rwanda. Asasi za kiraia ziliitisha mgomo wa kukaa nyumbani kuanzia 31 Januari, na kwa siku kadhaa mji ukafungwa. Katikati ya Februari Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, aliyekuwa amekemea uporaji na mateso ya watu katika barua yake ya Krismasi 1999, alizuiwa kurudi jimboni akapelekwa Butembo. Tarehe 8 Machi wanawake wakasusia sherehe za siku yao, wakakaa nyumbani kuomboleza. Hao walikuwa watu wanaokula leo walichouza leo. Walikubali kulala njaa kwa sababu hasara iligawanywa: kila duka limefungwa, hakuna jirani anayetajirika kwa subira ya mwenzake, na hakuna mtoto wa mtu anayesimama peke yake mbele ya bunduki. Naamini hapo ndipo siri ilipo. Umaskini hauwazuii watu kuunga mkono harakati za amani. Kinachowazuia ni kuachiwa gharama peke yao. Kataliko alirudi Bukavu Septemba mwaka huohuo, wiki chache tu kabla ya kufariki nchini Italia.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ina uzito. Wanauliza: na mama wa upande wa Rwanda, wilayani Rusizi, je? Huvuka daraja alfajiri na beseni la nyanya kichwani, na mtaji wenyewe ni zamu yake katika kikundi cha akiba. Bukavu ikifunga soko, nyanya zinaanza kulainika siku ya pili, na Jumamosi wenzake wanamdai mchango. Hakuna aliyemwuliza kama anataka kugoma. Ni kweli, na waandaaji wengi wamelipuuza hilo. Lakini kusema kwamba kwa hiyo maskini anahitaji utulivu tu ni kusahau Machi 2020, mpaka ulipofungwa kwa sababu ya korona. Amri ilitoka juu, hakuna aliyegoma, na mitaji ya wachuuzi ikaliwa jikoni mmoja baada ya mwingine. Mama huyu hupoteza akinyamaza, na hupoteza wengine wakipaza sauti. Tofauti ni kwamba mgomo unaweza kutangazwa mapema, ukawekewa mwisho, na hasara yake ikazungumzwa. Amri haizungumzwi.

Kisha madai yenyewe yakabadilika. Mwaka 2000 watu walidai vita viishe na askofu wao arudi. Vijana wa vuguvugu la LUCHA, walioanza Goma mwaka 2012, walidai maji ya bomba na ajira. Mzazi aliyewaogopa wanasiasa alilielewa dai la maji bila kuelezwa, maana dumu lilikuwa pale mlangoni, tupu. Vijana hao walikamatwa mara nyingi, na bado waliendelea kusisitiza kutotumia nguvu. Nadhani walivuta familia karibu kwa sababu walianzia jikoni.

Upande wa Rwanda, kaskazini mwa Rusizi ukifuata ziwa, jaribio gumu zaidi la hoja yangu lilikuwa Karongi. Mwanzoni mwa 2018 msaada wa chakula kwa wakimbizi wa Kongo ulipunguzwa kwa asilimia 25 kwa kukosa fedha. Tarehe 20 Februari wakimbizi wa kambi ya Kiziba walitoka kwa miguu wakaenda kukaa nje ya ofisi ya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR. Siku mbili baadaye polisi walifyatua risasi; UNHCR ilitaja vifo 11, Human Rights Watch wasiopungua 12, na zaidi ya watu 60 wakakamatwa katika miezi iliyofuata. Polisi walisema walirushiwa mawe, na wengi wakahitimisha kwamba mwenye njaa hawezi kuandamana kwa amani. Sikubali. Familia zilizotembea na watoto hadi mlangoni pa ofisi, zikalala pale zikingoja jibu, zilichagua njia ya amani zaidi waliyokuwa nayo. Walichokosa ni kile Bukavu ilichokuwa nacho: majirani wa kufunga maduka pamoja nao, kanisa la kuwasemea, na mji mzima wa kugawana nao hasara. Walikwenda peke yao.

Ninyi mnaoitisha migomo Bukavu, Goma au kwingineko katika Kivu, nawaomba jambo moja. Kabla ya kupanga tarehe, pelekeni habari kwa wanawake wanaopanga foleni darajani upande wa Kamembe, muwaambie mtafunga siku ngapi, na mkubaliane nao nani atabeba mchango wa wiki hiyo.