Harufu ya Kuungua Katika Njia ya Nyamahanga

Atokaye Ngara kwenda nchi ya Biharamulo huanza safari yake kwa kuteremka. Mji wa Ngara umekaa juu ya vilima vya Wahangaza, na barabara huvizunguka ikishuka na kupanda hata ifike Benaco, ambako hukutana na njia kuu itokayo Rusumo. Jina hilo si la Kihangaza wala la Kisubi. Ni la kampuni ya Kitaliano iliyokuwa ikijenga barabara, na dunia nzima ililisikia mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda wapatao robo milioni walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu. Leo pale husimama malori yaendayo Kigali na Bujumbura. Kutoka hapo njia yashika upande wa Nyakahura na Lusahunga, katika nchi ya miti na nyasi ndefu, na nyumba huwa mbali mbali. Nyamahanga i katika pande hizo.

Tulikuwa watu saba katika gari dogo la abiria, tukienda mazishini Nyamahanga. Miongoni mwetu alikuwako bibi mmoja mtu mzima, dada wa marehemu, naye hakuwa na haja nyingine duniani siku hiyo ila kuuona uso wa nduguye kabla haujafunikwa. Wazee wa huko walikwisha tupigia simu kwamba maiti atazikwa baada ya sala ya Alasiri, wala hawatangoja zaidi, maana kuharakisha maziko ndiyo sunna. Hawakukosea.

Basi tulisimama kidogo Benaco, mahali penye mteremko, dereva akanunua maji. Tulipoondoka, hata hatujaenda mbali, ikatujia harufu ya kuungua. Dereva, kijana mwenye adabu, akasema, "Maalimu, hii ni klachi tu, itapoa mbele kwa mbele." Shangazi akamwunga mkono, akamwambia akaze mwendo.

Inafaa wenye magari nyumbani wazijue harufu hizi, kwa kuwa kila moja ina asili yake. Iliyo tamu kama sharubati iliyochomwa ni maji ya rejeta yenye dawa, yanavuja juu ya chuma cha moto. Oili ikidondokea ekzosi hutoa harufu nzito na moshi wa buluu. Mpira unaoungua huwa ni mkanda unaoteleza. Plastiki inayoungua ni waya za umeme, na hiyo ndiyo ya kuogopwa kupita zote. Zima gari, toa waya wa betri, wala usitie fyuzi kubwa kuliko ile iliyoungua, kama wafanyavyo wengi, kwani fyuzi imewekwa ife yenyewe ili gari lipone. Na huku kwenye nyasi kavu, nyasi zikinasa chini ya gari penye ekzosi huweza kushika moto kabisa.

Klachi na breki ndizo zipotezazo watu, kwa kuwa harufu zao zakaribiana. Lakini klachi huungua gari lipandapo mlima na mzigo, mguu wa dereva ukiwa umekaa nusu juu ya kanyagio. Sisi tulikuwa tambarare, gia ya juu, mguu mbali na klachi, na harufu ilikuwa ikizidi. Zaidi ya hayo gari lilikuwa zito, kama linalovutwa nyuma. Nikamwomba dereva asimame, naye akasimama.

Tukafungua boneti: hapakuwa na moshi, na maji yalikuwa kamili. Kisha tukazunguka magurudumu, tukiweka kiganja karibu pasipo kugusa. Matatu yalikuwa na joto la kawaida. La nyuma kushoto lilikuwa kama jiko. Mmoja wetu akaja mbio na dumu la maji alimwagie, nasi tukamzuia. Chuma cha breki kilichopata moto hivyo kikimwagiwa maji ya baridi huweza kupasuka. Wala hatari haikuwa ya gurudumu peke yake. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayapasi kuchemka chini ya nyuzi 205 za sentigredi, lakini hunywa unyevu wa hewa, na yakiisha kuunywa kiwango chake hushuka hata nyuzi 140. Yakichemka hufanya mvuke, na mvuke hubonyea, basi kanyagio huzama hata chini na gari lisisimame. Mwendo aliotaka Shangazi ulikuwa mwendo wa kutuongeza sisi saba juu ya maiti yule mmoja.

Lakini machozi yake yalikuwa haki yake. Tukasimamisha basi dogo lililokuwa likielekea Nyakahura, akapanda pamoja na mpwa wake, na jamaa wakampokea huko kwa pikipiki. Sisi tulioachwa tukaswali Adhuhuri kando ya njia, chuma kikipoa.

Akatokea dereva wa lori, mtu wa makamo, akatuuliza swali moja tu: hendibreki ilivutwa wapi mara ya mwisho? Benaco! Tukaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, tukapiga jeki, na lile gurudumu likakataa kuzunguka. Akaingia chini, akaukuta waya wa hendibreki umeganda kwa kutu na matope ndani ya ala yake. Mkono wa hendibreki ulikuwa umeshushwa, lakini waya haukurudi, na breki ikabaki imeshika. Akaigonga ala, akauvuta waya kwa koleo, akaulegeza, gurudumu likazunguka. Akamwonya dereva asiiguse tena hendibreki, na kila asimamapo atie jiwe. Breki ya mguu tuliijaribu kwa mwendo wa polepole kabla ya kuondoka. Malipo alikataa, akaomba dua.

Tulifika Nyamahanga watu wamekwisha zika. Shangazi alikuwa amemwona nduguye. Sisi tukasimama mbele ya kaburi tukaswali sala ya maiti, jambo ambalo madhehebu ya Imamu Shafi yanamruhusu aliyeikosa. Kesho yake fundi akabadilisha waya ule, na viatu vya breki vya pande zote mbili, maana vya kushoto vilikuwa vimeungua vikawa vyeusi na kupasuka.