Kifua Kilinibana Saadani

Homa ikishuka usidhani ndio umeshapona! Mimi mwenzenu mafua makali ya kifua yalinilaza Dar, nilipopata nafuu nikaenda Saadani kwa shangazi kupunga upepo. Kule si mchezo: huku bahari, huku wanyama, maana tangu 2005 ni hifadhi ya taifa.

Lakini kifua bwana! Nikivuta pumzi ndefu, kitu kinachoma upande wa kushoto. Nikipiga chafya nusura nilie. Moshi wa kukaushia samaki nao ukazidisha kikohozi. Usiku nahesabu mapigo ya moyo, wosia nimeshauandika kichwani. Mchana je? Nimetengewa kikombe changu peke yangu. Nani asiyejua maana yake?

"Mwanangu, hiyo wiki ya tatu unakohoa. Twende zahanati," shangazi akasema.

Daktari alisikiliza mapafu, kisha akanibonyeza pale mbavu zinapoungana na mfupa wa kifua. Niliruka! Akacheka, akasema kukohoa sana huvimbisha gegedu za pale, na maumivu huweza kukaa wiki kadhaa. Hata hivyo, kikohozi cha wiki mbili lazima kipimwe TB, tena bure. Nikatema kwenye kikopo. Akanionya: maumivu yakienda mkononi au tayani, jasho la baridi likitoka, pumzi ikikata au ukikohoa damu, hospitali mbio.

Majibu yakaja: hakuna TB. Shangazi akachukua kile kikombe changu, akamimina chai ya tangawizi, akanywa yeye kwanza.