PS5 au kompyuta? Jibu la Reading halifai Mpanda

Desemba ikikaribia, vijana wa ukoo wetu huko Mpanda hunitumia swali lilelile: "Anko, unatuletea PS5 au kompyuta ya gemu?" Hapa Reading, Uingereza, ningejibu bila hata kufikiri. Mtu akitoka kazini anataka kujibwaga kwenye kochi, basi ananunua PS5, anaichomeka kwenye TV na kucheza. Kompyuta tunawaachia wanaopenda kubadilisha kadi za picha na kuvizia punguzo la bei kule Steam, duka la gemu la mtandaoni.

Kashaulili, kule kwetu Mpanda, mambo hayaendi hivyo.

Tuanze na intaneti. PS5 imetengenezwa kwa mtu mwenye intaneti ya nyumbani isiyopimwa. Gemu moja kubwa inaweza kupita GB 100, na hata ukiwa na diski yake, mara nyingi kuna mzigo mwingine wa kushusha. Huku Reading unaiacha ishuke usiku, wewe umelala. Kwa kijana anayejiunga bando la siku au la wiki, hiyo ni pesa ya miezi. Na akishapata bando, duka hana: PlayStation haina duka la Tanzania, kwa hiyo watu hufungua akaunti wakijiandikisha kama wakazi wa Afrika Kusini au Uingereza, kisha wanahangaika kutafuta kadi za kulipia. Wenye kompyuta nao hawakusalimika. Mei 2024, Sony ilipotaka wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation, gemu hiyo iliacha kuuzwa Steam katika nchi zaidi ya 170, Tanzania ikiwemo. Wachezaji walichachamaa mpaka sharti la akaunti likafutwa. Ila kompyuta ina njia nyingine, na kila fundi wa mjini anaijua: unampelekea diski ngumu, anakujazia gemu. Nyingi ya hizo hazijalipiwa, tusidanganyane.

Halafu umeme. Kwa miaka mingi mkoa wa Katavi, iliko Mpanda, ulikuwa nje ya gridi ya taifa, Mpanda ikiwashwa na jenereta za dizeli za TANESCO, hadi ilipojengwa laini ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga. Aliyekulia kwenye umeme wa jenereta huuliza kwanza mashine inakula kiasi gani. PS5 ikichezwa hula wati 200 hivi: saa 3 kila siku, mwezi mzima, ni uniti 18 za LUKU. Kompyuta ya mezani yenye kadi kubwa ya picha inaweza kufika uniti 40. Kwa nyumba inayojitahidi isivuke uniti 75 ili ibaki kwenye bei nafuu, hesabu hiyo inauma. Laptop ya kawaida haifiki hata nusu ya PS5, na umeme ukikatika inaendelea kwa betri.

Lakini kinachoniamulia mimi ni sebule yenyewe. Huku sebule ni ya mpangaji, na kochi ni lake. Mpanda TV ni ya mwenye nyumba, na saa mbili usiku ni taarifa ya habari. Hakuna PS5 itakayomnyang'anya baba rimoti. Ndiyo maana gemu zilihamia vibandani: benchi, TV moja, PS2 au PS3, unalipia mechi, ukifungwa unampisha mwenzako. PS2 ilitoka mwaka 2000, lakini mafundi waliendelea kuiwekea vikosi vipya vya Simba na Yanga. Hakuna aliyelalamikia ubora wa picha.

Kwa hiyo naleta laptop iliyotumika, yenye kadi ya picha ya wastani, pamoja na pedi mbili. Mchana itachapa barua na kurusha nyimbo kwenye flashi za watu, ijilipie umeme wake. Jioni itachezewa chumbani, au sebuleni wazee wakishalala. Anayetaka kufungua kibanda nitamshauri PS4, maana ina sehemu ya diski. PS5 isiyo na sehemu ya diski asiisogelee kabisa.

Najua wataninunia. PS5 ina heshima yake mtaani, na laptop haimpi mtu sifa ya kupigia picha ya status. Wanune tu, brashi ya kusafishia feni pia naleta, maana vumbi la kiangazi cha Mpanda halichagui mashine.